Ufunguo wa Kasha na Tarakimu Nne

Nyanya yangu alikuwa na kasha la njumu, na ufunguo wake ulikaa kwenye pindo la leso. Kila alipobadili leso, ufunguo ulihama naye. Alipiga fundo, akalikaza kwa meno, akalichomeka kiunoni, basi. Sisi wajukuu tulilala chumba kimoja na kasha lile, Majengo ya Mombasa, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi mrefu kama kichochoro, na hakuna kati yetu aliyewahi kuona mlikuwa na nini ndani. Tulijua tu kwamba likifunguliwa hunukia, na kwamba kabla ya kufunguliwa, mlango wa chumba hufungwa kwanza.

Alipofariki, ufunguo ulipatikana palepale pindoni. Wanawake wakubwa wakaingia, wakafungua. Mlikuwa na bafta ya sanda, karafuu maiti iliyofungwa karatasini, ubani, na noti za mazishi ndani ya kitambaa. Chini kabisa mlikuwa na kitambaa cha pili, kidogo, chenye pesa chache. Mama mkubwa alikitazama, akajua ni cha nani, akakitia ndani ya buibui bila kusema neno. Naye amekwisha kufa. Hatukuambiwa hadi leo.

Hayo hunijia kila nimwonapo bi mkubwa mmoja wa mtaani kwetu, ambaye jina lake silitaji, maana ingekuwa kichekesho kumtaja katika makala kama hii. Ana miaka 80 na kitu. Ana watoto saba. Wajukuu wake nimeacha kuwahesabu. Ana simu ya kubonyeza, ile tuliyoipa jina la mulika mwizi, imefungwa raba kwa kuwa kifuniko cha nyuma hakishiki tena. Namba ya siri ya M-Pesa yake inajulikana na watu watano: binti yake mkubwa, mkaza mwana wake, wajukuu wawili, na kijana wa duka la M-Pesa pale kona. Yeye mwenyewe hayumo. Aliwahi kuijua, akaisahau, wakambadilishia, kisha wakaona hakuna haja ya kumsumbua.

Na haibiwi. Nalisema mapema kwa sababu tukizungumza habari za wazee na simu, mawazo hukimbilia wizi. Bi mkubwa huyu anakula, anavaa, akiumwa anapelekwa hospitali, na vidonge vyake vya presha haviishi kabla vingine havijanunuliwa. Kwa kipimo cha mtaa wetu ni mtu aliyebarikiwa watoto. Ila jioni moja aliketi barazani kwangu, akatazama huku na huku, akaninong'oneza kama msichana: "Mwanangu, siku hizi sina hata shilingi kumi isiyojulikana."

Nimekaa na maneno hayo kwa miezi kadhaa.

Ukisikiliza redio au hotuba za viongozi, uzee wa leo una maradhi, uhaba na upweke. Sikatai. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na kati yao takriban milioni 2.7 walikuwa wametimiza miaka 60 au zaidi. Katika kundi kubwa hivyo kila namna ya dhiki ipo. Lakini katika nyumba nyingi za Mombasa ninazozijua mimi, mzee hana nafasi ya kuwa mpweke hata akitaka. Kuna wajukuu, kuna mkaza mwana, kuna jirani anayeingia bila sababu, kuna simu inayolia kutoka Doha na Jeddah. Kilichopungua katika nyumba hizo ni sitara, na sisikii kikitajwa.

Sitara ni neno tunalolitumia kutwa bila kulitazama. Pazia la mlangoni ni sitara, nguo ni sitara, ndoa twaiita sitara, na tukiinua mikono twaomba Mungu atusitiri. Aliyesitirika si lazima awe tajiri. Ni yule ambaye upungufu wake hauzagai njiani. Na hakuna umri unaolihitaji jambo hili kama uzee, kwa kuwa ndio umri ambao mwili wenyewe huanza kutoa siri: kikombe kinatetemeka mbele za wageni, haja ndogo haingoji, jina la mjukuu unayempenda kuliko wote linakwama kooni. Mwili ukishaanza kukuanika hivyo, unachotaka ni angalau mambo yako mengine yabaki ndani.

Sasa, mambo ya mzee wa zamani yalijulikana pia. Tusidanganyane kwamba babu zetu waliishi kwenye usiri mtupu, na nyumba zile za kuta nyembamba, sauti ya chumba kimoja ikisikika cha pili. Lakini yalijulikana vipande vipande. Mwenye duka alijua deni lililomo daftarini mwake. Mtoto aliyetumwa alijua ni sukari kiasi gani iliyonunuliwa. Aliyemwandikia barua alijua alichomwambia mwanawe aliye Unguja. Mwalimu wa madrasa alijua nadhiri, mganga alijua maradhi, mwenye ardhi alijua kodi. Hawakuketi pamoja kulinganisha habari. Picha nzima ilikuwa na mtu mmoja tu, naye ni mwenye ufunguo wa kasha.

Simu imeviokota vipande vyote ikavitia kapu moja. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilikuwa hasa njia ya kutuma na kupokea pesa. Leo laini hiyohiyo ina tokeni za stima, zile tarakimu 20 ambazo mzee hawezi kuzibonyeza bila kuruka moja. Ina bili ya maji, karo, mchango wa harusi, mchango wa matanga, tikiti ya treni ya Miritini, akiba na mkopo. Anayeishika simu ya nyanya kwa dakika tano anajua nyanya kapata nini, katoka na nini, kapelekewa na nani, na nani kati ya watoto saba hajaleta kitu tangu mwezi wa Ramadhani. Mtoto wa miaka 19 anashika leo picha ambayo zamani hata mume hakuwa nayo.

Mfano wa karibuni ni bima ya afya. Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ilikoma, SHA ikashika nafasi yake, na usajili ukawezekana kwa simu, *147#. Kwa asiye na mshahara ulikuja na maswali: ukuta wa nyumba ni wa nini, paa ni la nini, choo ni cha namna gani, mwapikia kuni, makaa au gesi. Yana sababu yake, kwani ndiyo yanayokadiria mtu alipe kiasi gani, kuanzia shilingi 300 kwa mwezi. Sina ugomvi na maswali. Nauliza yalijibiwa na nani. Katika nyumba ya pili kutoka kwangu yalijibiwa na mjukuu aliyelala chali kitandani, nyanya amesimama mlangoni ameshika nguzo, mjukuu akipaza sauti: "Nyanya, choo chetu tuseme ni cha aina gani?" Mtaa mzima tukajua choo chao ni cha aina gani.

Nirudi kwa bi mkubwa wangu, kwa sababu shilingi kumi yake isiyojulikana ina kisa.

Alikuwa na mke mwenza. Waligombana ujanani hadi wakatungiwa nyimbo. Mume akafa, watoto wakakua, na yule mwenzake akabaki peke yake Kisauni, hana mwana. Tangu mwaka anaoujua mwenyewe, bi mkubwa humpelekea shilingi 300 kila mwisho wa mwezi. Mwanzo kwa mkono wa utingo wa matatu anayemwamini, baadaye kwa M-Pesa. Hakumwambia mtu. Watoto wake wamekua wakimsikia yule mwanamke akitajwa kwa ubaya, na yeye ndiye aliyekuwa akimtaja. Kuwaeleza leo kwamba ameshamsamehe, au kwamba pengine makosa hayakuwa yote ya upande mmoja, ni kufukua mengi. Kutuma 300 ni rahisi zaidi.

Mjukuu akauona ujumbe. Akauliza ukumbini, watu wamekaa: "Nyanya, huyu ni nani wamtumia pesa kila mwezi? Usije ukawa waliwa na matapeli."

"Nilikosea namba," akasema.

Mjukuu akarudi nyuma kwenye jumbe, mwezi baada ya mwezi. Kila mwezi alikosea namba ileile.

Hapo watoto walicheka, wakamkanya kwa upole, wakachukua namba ya siri. Kwao ilikuwa ni mapenzi. Na mimi siwezi kumlaumu kijana yule hata kidogo. Matapeli wapo, na wazee ndio shamba lao. Nani hajapata ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwa namba hii"? Nani hajapigiwa na mtu mwenye sauti ya ofisini akidai pesa zimeingia kwako kimakosa, zirudishe haraka? Rafiki yangu mmoja tuliyefanya naye kazi bandarini, mtu ambaye maisha yake yote alikuwa karani wa kuhesabu mizigo, hakupotezewa hata gunia, alimaliza pensheni ya mwezi kwa simu ya dakika nane. Mjukuu aliyeingilia kati alikuwa analinda mali ya nyumba. Ila mlinzi huyo hakujua kwamba ndani ya nyumba mna chumba kisichopaswa kufunguliwa mbele za watu.

Kwetu tumefundishwa kwamba sadaka njema ni ile ambayo mkono wa kushoto haujui wa kulia umetoa nini. Tunayasoma hayo kama mafunzo ya kumzuia mtoaji asijionyeshe. Mimi nadhani yanamhusu mpokeaji vilevile: yule bibi wa Kisauni naye alikuwa akisitiriwa. Sasa jina lake limo katika mazungumzo ya watu wazima saba waliomrithi kama adui, na shilingi 300 hazimfikii.

Kuna hoja ninayoipenda ya kunipinga, aliniletea binti yangu mwenyewe. Alisema: Baba, mzee akisahau je? Akili zikianza kuchuja, ni nani atakayeshika ufunguo? Ni swali la haki, na wazee wetu walikuwa na jibu lake.

Shangazi yangu alipoona macho yamemfifia, hakungoja avuliwe ufunguo. Alichagua siku, akawaita binti zake wawili na mwanamke jirani wa makamo yake. Akaufungua pindoni mbele yao, akampa yule mdogo, si mkubwa, na hakueleza kwa nini, ingawa wote walijua. Akasema: pesa za matumizi ziko juu, kulia, chukua ukihitaji; kibunda chekundu usikiguse mpaka siku yangu; na mtu akija akitaja jina fulani, mpe kilicho kwenye mfuko wa bahasha. Nikilitazama tukio lile kwa jicho la karani naona mkataba kamili. Kuna anayekabidhi kwa hiari, kuna anayepokea, kuna shahidi, kuna mipaka, kuna muda. Aliendelea kuwa mwenye kasha hata baada ya kutokuwa na ufunguo.

Namba ya siri haikabidhiwi hivyo. Huvuja tu. Leo mjukuu anakusaidia kununua tokeni, umemtajia. Kesho uko hospitalini na pesa zinatakiwa haraka, umemtajia binti. Keshokutwa umesahau tarakimu ya mwisho na yule kijana wa kona akakukumbusha. Hakuna siku uliyoamua. Na ukishaitaja umetaja yote, kwa sababu tarakimu nne hazina juu na chini, hazina kibunda chekundu. Anayeweza kukununulia stima anaweza kukusomea jumbe za miaka miwili, na anaweza kukopa kwa jina lako. Namjua mzee aliyekwenda kutoa pesa alizotumiwa na mwanawe akaambiwa zimekatwa kulipa mkopo. Mkopo upi? Wa kijana wa nyumbani, aliyedhani atarudisha kabla ya Ijumaa. Mzee alilipa, akanyamaza. Kumsitiri mjukuu kulikuwa juu yake. Wa kumsitiri yeye hakuwepo.

Wanaotengeneza huduma hizi wangeweza kutupa nusu ufunguo. Benki zimekuwa na akaunti za sahihi mbili tangu tungali vijana. Inashindikana vipi simu ya mzee kumruhusu mwana kununua stima na dawa, asiweze kusoma mengine? Au kumwezesha kuzuia pesa nyingi zisitoke ghafla, bila kujua zile kidogo zaenda wapi? Si ndoto. Ni kwamba aliyezibuni alikuwa kijana, na kijana akifikiria mwizi humfikiria mtu wa nje.

Na vidole navyo vimetugeuka. Mahali pengi siku hizi unatambuliwa kwa alama za vidole, na alama za vidole hufutika kwa uzee na kwa kazi. Nilimsindikiza mzee mwenzangu kwenye ofisi moja, zamani kuli wa Kilindini, enzi ambazo gunia lilikuwa likipanda mgongoni kabla makontena hayajatawala. Akaweka kidole, mashine ikakataa. Akapangusa kwenye kikoi, akaweka tena. Kidole cha pili, cha tatu, mkono wa kushoto. Msichana aliyekuwa akimhudumia alikuwa na adabu, namshukuru, hakuinua sauti. Mwishowe akamwuliza namba ya simu badala yake. Namba iliyosajiliwa ilikuwa ya mkwewe. Tukakaa kwenye benchi tukamngoja mkwe, mtu wa miaka 32, aje athibitishe kwamba mzee huyu ni mzee huyu.

Sheria, kwa maandishi, haina ubaya. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa hadhi na heshima, bila kudhulumiwa, na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa jamaa zake na serikali. Cha 31 kinampa kila mtu faragha. Kikatiba mzee ni aliyepita miaka 60; lakini zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, ruzuku ya serikali kwa wazee, zinamngoja aliyefika 70, kwa hiyo sisi wa katikati ni wazee wa maandishi tu. Nisizidharau 2,000 zile, hata hivyo. Wapo kina mama ambao pesa za maisha yao yote zilipita mikononi mwa baba, kisha mume, kisha mwana. Hizi ndizo za kwanza zilizoandikwa majina yao. Inaniuma zaidi kuona zinatolewa na mwingine, zikahesabiwa na mwingine, mwenyewe akaletewa mia nne na maelezo.

Lakini lililonifanya nikae kuandika si pesa. Ni picha.

Kaka yangu alilazwa mwaka jana. Nilikuwa njiani kwenda kumwona, ndani ya matatu, simu ikatetemeka: gurupu la familia, watu 84, nusu yao siwajui sura. Picha yake. Amelala na singlendi, mdomo wazi, meno ya bandia yametolewa, mpira wa mkojo unaonekana pembeni ya shuka. Chini yake: "Tumuombee mzee wetu dua." Zikafuata mikono ya dua arubaini hivi. Aliyeipiga ni mtoto wake, anayempenda baba yake kuliko sisi wote, aliyekesha naye siku tatu. Alitaka dua. Kaka yangu ni mtu ambaye hata kwenda dukani lazima kanzu ipigwe pasi.

Sisi tumelelewa kwamba ukienda kumzuru mgonjwa unapiga hodi, unangoja, wa ndani wanavuta shuka, wanamfunika miguu, wanampangusa mdomo, ndipo unaambiwa karibu. Ukipiga hodi mara tatu bila kuitikiwa, unarudi. Dakika ile ya kungoja nje, ukisikia shuka ikivutwa, ndiyo adabu yenyewe. Picha ile iliingia kwenye nyumba 84 na hakuna aliyengojeshwa mlangoni. Hali kadhalika simu za video: binti anapiga kutoka Ghuba kwa saa aliyoipata yeye baada ya kazi, mjukuu anakimbia nayo hadi chumbani, na nyanya anajikuta uso kwa uso na mkwe, kichwa wazi, anatafuta leso kwa mkono mmoja huku anacheka ili wasione ameudhika.

Nilipofika hospitali nilimkuta kaka ameamka. Hakujua habari za picha. Sikumwambia, na nawaomba walio kwenye gurupu lile wasimwambie.

Na hapa lazima niseme jambo lisilonipendeza, kwa sababu nisipolisema mimi atalisema mwingine. Sitara ya wazee wetu ilificha mengi maovu. Kuna mashamba yaliyouzwa mara mbili, kuna wake wa siri walioibuka siku ya matanga na watoto mkononi, kuna kina mama waliopigwa miaka 40 na pazia likabaki limeshuka. Baba yangu mwenyewe alificha deni. Mombasa, asiyejua na ajue, mtu huweza kuwa na nyumba juu ya ardhi isiyo yake; ukuta na paa ni vyako, udongo una mwenyewe, na kodi ya ardhi unalipa. Baba aliacha kulipa, akanyamaza, kila siku akitoka asubuhi na fimbo yake kama mtu asiye na dhiki. Baada ya arubaini alikuja mtu na karatasi. Tulilipa kwa miaka minne, na mdogo wangu aliacha chuo. Kwa hiyo mjukuu akiniambia kwamba kuona simu ya mzee kumeokoa nyumba yao isiuzwe, namwamini.

Ila deni ni haki ya mtu mwingine, na dini imelipangia mahali pake: liandikwe, liwe na mashahidi, liwemo kwenye wasia. Mia tatu za mke mwenza hazina mdai. Singlendi ya kaka yangu haina mdai. Baba alipaswa kulisema deni lake na kubaki na mengine yote, na watoto wengi wa leo wangeridhika na mgawanyo huo lau tungekaa nao tukauzungumza. Hatukai. Tunangoja tusahau namba.

Kwa upande wangu nimefanya madogo. Binti yangu anajua ninavyodaiwa, kila shilingi, kwa maandishi, na nakala anayo mama yake mdogo. Namba ya siri hajui, na ameapa kwamba haitaki. Na nikimtembelea mzee wa makamo ya mama yangu, simtumii tena kwa simu. Namtilia mkononi wakati wa kuagana, noti imekunjwa mara nne, ya mia mbili au zaidi nikijaliwa. Pesa ya mkononi haina ujumbe, haina jina, haina saa iliyotumwa. Utaona vidole vinavyoifumba. Wengine huwa hawatazami hata ni kiasi gani. Wanaifunga pindoni hapohapo, mazungumzo yakiendelea.

Ndivyo bi mkubwa alivyorudi kwenye mambo yake. Watoto wanampa cha matumizi kwa simu. Mimi na mwenzangu mmoja tunamtilia cha mkononi. Mwezi uliopita alikuja barazani saa ya kahawa, redio ikisoma habari, akatoa simu nyingine kabisa kutoka ndani ya buibui, mpya, ndogo kuliko ile ya raba. Sikuuliza laini kaipata wapi. Aliniomba nimwonyeshe pa kuandika namba ya mtu wa Kisauni. Nikamwonyesha, tukaandika pamoja, tukaandika 300, kisha simu ikataka namba ya siri. Nikamrudishia, nikageuza uso nikatazama msikitini.

Akaanza kubonyeza kwa kidole gumba, polepole, na kila tarakimu akiitaja kwa sauti kama mtoto wa chuoni anayesoma alifu.

Nikaongeza redio.